Bukari ya Panya

Mwezi wa tisa moto wa pori ulipita nyuma ya shamba letu, na panya waliokuwa wanaishi kwenye majani wakahama. Walihamia kwangu. Siwalaumu. Nyumba yangu ndiyo ilikuwa ya kwanza njiani.

Tunakaa Annexe, kule mwisho, mahali mji unapochoka na mashamba yanaanza. Nyumba niliijenga mwenyewe kwa matofali niliyochoma mwenyewe, maana hiyo ndiyo kazi niliyoijua tangu nilipoacha shule darasa la tano. Kuta za nje ni za matofali ya kuchoma. Za ndani ni za matofali mabichi, kwa sababu kuni ziliniishia. Ukuta kati ya chumba changu na chumba cha mama mkwe haufiki hata kwenye bati. Juu kuna nafasi ya mkono mzima. Nilisema nitaumaliza. Sijaumaliza.

Mama mkwe wangu, Mama Ngalula, ana miaka miwili kwetu. Mume wake alifanya kazi ya reli, akafa. Watoto wake wa kiume wakafa pia. Akabaki na binti mmoja, Christiane, mke wangu. Angeenda wapi? Ana ugonjwa wa sukari. Macho yake yanaona vivuli tu, na kuanzia magoti kwenda chini hasikii kitu. Kaa la moto likimwangukia mguuni, atajua kwa sababu amesikia harufu.

Sasa, sisi ni Waluba wa Kasai. Kwetu mwanamume na mama mkwe hawatazamani usoni, hawapeani mkono, hawali pamoja. Hiyo ndiyo heshima ya bukwe. Chumba anacholala mama mkwe mimi siingii. Kuingia humo ni sawa na kumvua nguo. Kwa hiyo nilimtobolea mlango wake wa nje, upande wa pili wa nyumba, ili tusikutane kwenye korido. Watu wa mjini wanacheka mambo hayo. Wacheke. Baba yangu alikufa bila kujua sura ya mama mkwe wake, na walikaa kijiji kimoja miaka ishirini.

Kuongea tunaweza, lakini si moja kwa moja. Unaongea na kitu kingine, na mwenzako anasikia. Wengine wanaongea na kuku, wengine na mbwa. Sisi tulikuwa na ukuta, kibambazi kama tunavyouita.

"Kibambazi," angesema Mama Ngalula asubuhi, "uulize yule mwanaume wa kule kama alilala."

"Kibambazi," ningejibu, "umwambie mama nililala. Yeye je?"

"Umwambie wazee habalali. Banangojea tu kuche."

Ndivyo tulivyoishi. Mama ni mtu wa mzaha. Nikikoroma, asubuhi ananiuliza kupitia ukuta kama tumenunua lori. Nilikuwa nampenda yule mama, sioni haya kusema.

Katikati ya mwezi wa kumi Christiane alikwenda Pweto kununua samaki wa kukauka. Anakwenda kila mwaka kabla mvua haijaharibu barabara. Alisema siku kumi, labda kumi na mbili. Alisimama mlangoni na mfuko wake kichwani akaniambia:

"Stanislas, minakuachia mama. Nikirudi, nimukute."

"Utamkuta," nilisema.

"Delphine atamusafisha na kumupikia. Weye uangalie tu asikose kitu."

Delphine ni jirani, mjane mwenye watoto wanne wadogo. Alikuja asubuhi na jioni. Aliingia chumba cha mama, akamwogesha, akampa bukari, ndio ugali wetu, na mboga za majani, akatoa sahani, akaenda kwa watoto wake. Binti yetu Benita angekuja kulala na bibi yake, lakini alikuwa amejifungua kwa kupasuliwa, yuko kwake Hewa Bora, hawezi hata kuinua ndoo.

Mahindi yetu yalikuwa chumbani kwa mama. Magunia matano ya kula na gunia moja la mbegu. Niliyaweka huko kwa sababu ndicho chumba pekee chenye sementi chini. Kwangu ni udongo. Wakati wa kuvuna niliyabeba hadi kizingiti, nikageuka, na wanawake wakayavuta ndani. Gunia la mbegu ndilo nililolijali. Ni mbegu ya baba yangu, mahindi mafupi yasiyoogopa ukame, nayachagua mwenyewe kila mwaka, gunzi kwa gunzi. Mbegu hiyo huipati sokoni.

Panya walianzia kwangu. Walikula sabuni. Walikula kona ya godoro. Walikula ukanda wa suruali yangu kwa sababu ulikuwa na jasho. Niliweka mitego miwili ya waya nikapata wanane, halafu wakaijua. Nilichukua ndoo, nikaweka maji nusu, nikapitisha waya juu yake na gunzi katikati linalozunguka. Panya anapanda kwenye gunzi, gunzi linageuka, anaanguka. Hiyo ilikamata kumi na saba kwa wiki moja. Nilizika panya kama mtu anayezika familia.

Lakini upande wa mama sikuweza kuweka kitu. Ndoo ya maji kwa mtu asiyeona ni hatari. Mtego ungemkata kidole. Sumu nilinunua, ile ya punje nyekundu wanayouza barabarani na picha ya panya amelala chali. Delphine aliishika akanirudishia.

"Baba Benita, ile mama anapapasa-papasa na mikono. Akitia mu kinywa?"

Alikuwa na haki. Nikaitupa chooni.

Tukaazima paka. Paka akakaa siku mbili juu ya gunia la mahindi akitazama panya wanavyopita, siku ya tatu akarudi kwao. Mama akasema:

"Kibambazi, umwambie mukwe wangu ile paka yake iko mukubwa wa kazi. Inatazama tu wengine banatumika."

Nilicheka. Lakini jioni, kabla ya giza, nilisikia meno. Nilijua sauti hiyo. Si sauti ya panya kwenye gunia lolote. Gunia la mbegu nililifunga kwa uzi mgumu wa plastiki, na meno kwenye plastiki yanalia tofauti. Nilikaa kitandani na sahani yangu mkononi nikisikia mbegu ya baba yangu inaliwa mita mbili kutoka kwangu, na nisingeweza kwenda. Nikakasirika. Nikaongea na ukuta vibaya.

"Kibambazi, umwambie mama hivi. Panya wakimaliza ile mbegu, mimi nimekwisha. Mwaka kesho tutakula matofali. Umwambie mimi ninachoka kulisha watu ambao hawawezi hata kusema 'shii' kwa panya."

Hata meno yalinyamaza.

Halafu sauti yake, taratibu: "Kibambazi, umwambie mukwe wangu akae na roho ya kutulia. Miye niko huku. Nitachunga mbegu yake."

Niliona haya. Lakini sikuomba msamaha. Nilisema moyoni, kesho.

Kesho yake gunia lilikaa kimya. Kesho kutwa pia. Nilitega sikio jioni, nikasikia miguu midogo ikikimbia kwenye sementi, lakini meno kwenye plastiki, hapana. Nikadhani ndoo yangu imewapunguza. Nilifurahi. Nilimwambia Delphine kwamba panya ni suala la akili, ukiwazidi akili wanakwenda.

"Na mama anakula muzuri sasa," Delphine alisema. "Sahani inatoka mweupe. Mbele alikuwa anaacha nusu."

"Unaona," nilisema. "Amepata usingizi, amepata na hamu."

Siku ya kumi na mbili Christiane hakufika. Alipiga simu, sauti inakuja na kukatika. Mvua ya kwanza ilikuwa imeanguka huko, lori lao limezama njiani, wanalala juu ya mizigo.

"Mama?" aliuliza.

"Mzima. Anakula."

"Mupatie salamu."

Niliupa ukuta salamu. Ukuta ukarudisha.

Siku iliyofuata Delphine alitoka chumbani na shuka mkononi. Hakuja kwangu moja kwa moja. Alisimama chini ya mwembe pale nyuma, kwenye ndoo ya maji, akafua, akafua tena, ndipo akaniita.

"Baba Benita. Mama iko na kidonda ku muguu."

"Kidonda gani?"

"Kidole kikubwa, nyama haiko. Na kile cha pili, nusu."

Alipunguza sauti.

"Ni bo. Panya. Anauma, anapuliza, anauma, anapuliza. Hata mutu muzima hawezi kusikia. Na yeye ule hasikiake kitu."

"Tangu lini?"

"Sijue. Alikuwa anafunga muguu na kitambaa, anasema ni baridi. Leo kitambaa kimenata ku muguu, nikavuta."

Nilikwenda chumbani kwangu nikakaa karibu na ukuta.

"Kibambazi, umuulize mama ana nini mguuni."

"Umwambie nilijigonga."

"Umuulize kama ni panya."

"Umwambie mwanaume hajue habari za miguu ya mukwe wake. Hata akiwa na akili mingi."

Nikaondoka ukutani. Alikuwa sawa. Nilikuwa nimekwisha kuzungumzia mwili wake, na ukuta hausafishi kila kitu.

Delphine alileta muuguzi wa dispanseri ya karibu, mwanamke. Akaosha, akaweka unga mweupe, akafunga. Alipotoka aliniambia, akiangalia saa yake, kwamba mguu wa mtu wa sukari haungojei, apelekwe hospitali ya mjini leo, kesho iwe mwisho. Delphine akarudi ndani kumwambia mama. Niliwasikia juu ya ukuta.

"Nani atanibeba?" mama aliuliza.

"Tutatafuta bantu."

"Bantu gani? Batoto yangu banaume bote bako mu udongo. Mwanaume wa hapa ni mukwe wangu. Ananibeba mu mugongo kama gunia? Christiane atakuja. Atanibeba Christiane."

Nilimpigia Benita. Mtoto wake alikuwa analia karibu na simu.

"Papa, ingia tu. Hizo ni mambo ya zamani. Mubebe umupeleke."

"Wewe unasema rahisi."

"Bibi iko anaoza, papa."

"Nimesikia."

Nilimpigia Christiane mara kumi na moja kabla ya kumpata. Nilimwambia yote. Alilia kidogo, halafu akatuliza sauti.

"Tuko tunasukuma lori. Siku mbili, tatu. Delphine alale na yeye. Weye usiingie, Stanislas. Mama akikuona mu chumba atakufa na haya kabla ile kidonda imuue. Miye namujua."

Kwa hiyo nilitii watu wawili na kumkatalia mmoja. Delphine alilala huko usiku mmoja. Asubuhi alisema hawezi tena. Panya walipita juu ya uso wake, na mwanawe wa mwisho alikuwa amelia mpaka majirani wakaamka. Sikumlaumu. Alimfunga mama miguu yote miwili kwa vitenge vizito, akasukuma kitanda mbali na magunia, akaenda kanisani, maana ilikuwa Jumapili.

Nilikuwa nimekaa nje nikinyoosha waya wa mtego. Mvua ilikuwa inaanza, mchana mweupe. Nikasikia panya chumbani kwa mama. Mchana panya mwenye akili amelala. Hawa walikuwa wanakimbia na kupiga kelele kama watoto wanaogombania kitu.

Nikaingia chumbani kwangu. "Kibambazi, umuulize mama kama yuko salama."

Hakuna.

"Kibambazi, mama amelala?"

Hakuna. Panya tu.

Nikasema jambo ambalo sikuwahi kusema tangu nioe. Nikasema, "Mama." Moja kwa moja, bila ukuta.

Hakujibu. Nikachukua fimbo, nikazunguka nyumba, nikafungua ule mlango niliotoboa mwenyewe.

Kilichoniingia kwanza ni harufu. Panya waliruka kutoka kitandani wakatawanyika, niliua watatu bila hata kulenga. Halafu nikaona. Chini, kwenye sementi, mwishoni mwa kitanda, kulikuwa na vidonge vya bukari. Alivifinyanga vidogo vidogo, kama tunavyofinyanga wakati wa kula, na kuvipanga. Vya zamani vilikuwa vimekauka na kuwa kijivu. Vipya vilikuwa vyeupe. Vingine vilikuwa juu ya kitanda chenyewe, kando ya miguu yake, mahali mkono wake ulipofika. Huko kwenye kona, gunia la mbegu lilikuwa na tundu moja dogo, la zamani. Limebaki limejaa.

Alikuwa anawalisha. Bukari yake yote ya jioni, ile sahani iliyotoka nyeupe. Aliwaita kwake ili waache mbegu yangu, na mahali alipowaita ni miguuni, mahali ambapo hasikii.

Vile vitenge vya Delphine vilikuwa vimetafunwa. Nilichoona ndani yake sitasema. Vidole havikuwa viwili tena.

"Mama," nilisema, "kwa nini?"

Hakuwa amelala. Alikuwa na homa, lakini macho yalikuwa wazi, na ingawa haoni watu sawasawa alijua ni nani. Miguu ya mwanamume haifanani na ya Delphine. Alivuta kanga akajifunika kichwa chote, akageuza uso ukutani. Mwili wake wote ulikuwa unatetemeka. Mwanzoni nilidhani ni homa.

Nilimbeba. Alikuwa mwepesi kuliko gunia la mahindi, mwepesi sana, na alijikunja mikononi mwangu ili asiniguse zaidi ya inavyolazimu. Nilimweka juu ya mkokoteni wangu wa matofali, nikatandika godoro langu, nikamfunika na turubai kwa sababu ya mvua. Watu walikuwa wanatoka misani. Walisimama kando ya njia. Mzee Dédé, Mluba mwenzetu, alivua kofia akatazama chini, kama mtu anayepita kwenye msiba. Delphine alikuja mbio akashika mkokoteni upande wa pili. Chini ya kanga mama hakutoa sauti, njia yote mpaka barabara ya lami, hata tulipopita kwenye mashimo.

Hospitali walisema mguu ukatwe chini ya goti, na mwingine watauangalia. Walileta karatasi aweke kidole. Akakunja ngumi. Daktari akamweleza kwa Kiswahili, muuguzi mmoja akamweleza kwa Kiluba chetu. Ngumi ile ile. Mimi nilikuwa nje ya mlango, nimerudi mahali pangu, lakini ilikuwa bure. Huwezi kuingia halafu ukawa hujaingia.

Christiane alifika siku ya tatu, bado ananuka samaki. Alikaa na mama yake saa nzima. Alipotoka hakuniangalia.

"Uliingia," alisema.

"Niliingia."

"Nilikwambia nini?"

"Ungemkuta amekufa, Christiane."

"Na sasa minamukuta nani?"

Akakaa kwenye benchi, si karibu yangu, si mbali.

"Anasema arudi ku nyumba," alisema baadaye. "Anasema asikatwe. Anasema muntu ambaye amekwisha kuonwa na mukwe wake mu uchi, muguu ni wa nini tena."

"Alikuwa amevaa," nilisema.

"Najua alikuwa amevaa."

Nilimwambia habari ya vidonge vya bukari. Nilimwambia na maneno niliyosema kwa ukuta siku ile, yote, hata lile la kulisha watu. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaingia kwa mama yake, na hatujaizungumzia tena.

Tulimrudisha. Niliazima baiskeli ya magurudumu matatu, vijana wa Dédé wakamsukuma, mimi nilitembea nyuma kabisa. Muuguzi wa dispanseri anakuja kubadilisha vitambaa, na akitoka anatikisa kichwa kabla sijamuuliza. Weusi wa kidonda umepita kifundo cha mguu. Magunia nimeyahamishia kwangu, na panya wamehama nayo. Chumba cha mama sasa ni safi, hakuna hata mmoja. Wako kwangu, kwenye paa, kwenye godoro, nami sitegi tena. Ndoo nimeirudisha jikoni.

Mbegu nimeipanda. Sikupoteza hata kikombe. Mvua imekuja vizuri mwaka huu na mahindi yametoka yote, mstari kwa mstari, Delphine anasema hajaona shamba linaota hivyo.

Jana mchana Christiane alipokwenda kuchota maji nilikaa karibu na ukuta.

"Kibambazi," nilisema, "umwambie mama mbegu imeota."

Nilisikia kitanda kinalia. Alikuwa macho. Nilingoja.

"Kibambazi, umwambie ile siku nilisema vibaya."

Juu ya ukuta, kwenye ile nafasi nisiyoijenga, panya mmoja alitokea, akakaa, akanitazama, akarudi upande wangu. Upande wa pili hapakusemwa kitu. Nilikaa mpaka Christiane akarudi na maji. Alinikuta hapo, akapita.